Kazi Yangu ya Kukomaza Chuma

Nilirudi Arusha kutoka masomoni Ulaya na taaluma ambayo mama yangu, kule shambani kwetu kwenye miteremko ya Meru, hakuielewa mpaka anaingia kaburini. Nilimwambia kazi yangu ni kukomaza ngozi ya chuma.

"Chuma nacho kina ngozi?" aliuliza, akaendelea kumenya ndizi.

Kinayo. Katika karakana ya umma nilikoajiriwa kulikuwa na tangi zito lenye kidirisha cha kioo kinene. Tulipanga gia humo, tukanyonya hewa yote, tukaingiza naitrojeni kidogo, kisha tukapitisha umeme mkali. Gesi ile, ambayo ikiwa katika hali hiyo wataalamu huiita plazima, iliwaka rangi ya zambarau na kuzivaa gia jino kwa jino, mpaka tupa ikipita juu yake inateleza tu. Ningeweza kusimama pale kidirishani hata chakula cha mchana kikanipita.

Gia zetu zilikwenda kwenye mitambo ya kiwanda cha nguo. Fundi mkuu wa kule alinitania kila alipokuja kuzichukua: "Gia zako, ndugu yangu, zitatuzika sote."

Kilichozikwa kwanza ni kiwanda chenyewe. Biashara na nje ilipofunguliwa, mitumba iliingia marobota kwa marobota. Watu walikuwa wamevaa viraka miaka mingi, nani angewalaumu? Hata mke wangu alianza kuuza mitumba Kijenge, maana mshahara wangu ulikuwa umegeuka jina tu. Siku moja nikashindwa kujizuia.

"Kila shati unalouza linasimamisha mtambo," nikamwambia.

Aliliweka chini shati alilokuwa akilikunja. "Baba watoto, ulitaka wanao wavae gia?"

Jioni ile tulikula chakula kilichonunuliwa kwa pesa ya mitumba yake.

Kiwanda kilifungwa. Karakana ikakosa kazi, na mgawo wa umeme ukatuharibia hata gia chache za majaribio: umeme ukikatika katikati, chuma kinatoka na mabaka. Hatimaye serikali ikaiuza karakana. Mnunuzi alikuwa mfanyabiashara aliyetaka ghala. Alinikuta kando ya tangi, nami nikamweleza kwa kirefu linafanya nini. Alinisikiliza kwa adabu, sitamsingizia.

"Dokta," alisema, "gia za nje zinafika zikiwa tayari. Nani atakaa asubiri za kwako?"

Wachomaji walikuja asubuhi na mitungi yao ya gesi, walikate tangi liuzwe kama chuma chakavu. Chuma cha tangi kiliwashinda, wakaniuliza wapi ni pembamba. Hapakuwa na mwingine aliyejua. Nikawaonyesha kwa kidole, nikabaki nikiwatazama wakikata.

Mwenye ghala alinipa kazi ya kuuza vipuri katika duka lake Levolosi, nami nikaikubali. Msimu mmoja wa mavuno aliingia mzee mwenye mashine ya kusaga, akaweka gia juu ya kaunta. Meno yake yalikuwa yamelika kama sabuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hii niliinunua hapa hapa, haijamaliza hata msimu."

Niliikwaruza kwa ncha ya bisibisi. Ikaacha mfereji. "Ni laini, mzee. Haikukomazwa."

"Basi nipe iliyokomazwa."

"Haipo."

"Arusha nzima?"

"Arusha nzima."

Alitazama rafu, akanitazama mimi, akapumua. "Nipe hiyo hiyo. Watu wamepanga foleni na mahindi yao."

Nikamfungia nyingine katika gazeti. Alipofika mlangoni aligeuka, akanishukuru kwa kumwambia ukweli. Afadhali angenitukana.