Mistari Kwenye Nati

Pembeni mwa nyumba pamebaki kipande cha ardhi kavu, kirefu kama vyumba viwili vilivyounganishwa, na nyasi zinakizunguka kana kwamba bado hazina hakika kama zimeruhusiwa kuota. Kwa miaka sita majirani waliamshwa na mlio wa spana ikigonga chuma hapo. Sasa kumenyamaza, nao wanachelewa kazini na kumlaumu mtu ambaye hayupo.

Mtu huyo walimwita Mzee Kaza. Alikuwa fundi wa mabasi tangu ujanani, na alipostaafu alinunua basi dogo lililokwisha kukataliwa na karakana. Aling'oa viti vyote isipokuwa vitatu vya mbele, akaligeuza nyumba: kitanda nyuma, jiko la gesi ubavuni, tangi la maji chini ya sakafu. Mke wake, aliyefua mashuka ya hospitali kwa miaka ishirini na minane, alishona mapazia. Walipatana kwamba binti yao akijifungua watakwenda kwake kwa basi hilo, mwendo wa siku mbili, na walale humo humo bila kumbana nyumbani kwake.

Binti akajifungua. Mjukuu akaota jino, akasimama dede, na basi halijatoka uani.

Kila wiki lilizuka jambo. Mara pedi za breki, mara mabomba ya gesi. Akishabadilisha bomba, mzee alipaka povu la sabuni kwenye maungio na kuchuchumaa akitafuta kiputo cha gesi inayovuja, uso karibu kabisa, kama asomaye barua yenye mwandiko mbaya. Akafunga king'ora cha gesi usawa wa sakafu, kizima moto mlangoni, mkanda mpya kwenye kiti cha tatu, ambacho kiliitwa cha mjukuu. Kaka wa mke, dereva wa malori, alikuwa akija Jumapili kumchokoza. Alimuuliza shemeji yake kama anatengeneza basi la safari au anampamba bibi harusi, maana mjukuu mwenyewe ataoa kabla gia ya kwanza haijaingia.

Lakini hakuna kazi mzee aliyoipenda kama magurudumu. Akishakaza nati, alichora mstari mwembamba mweupe, ukianzia juu ya nati na kuishia kwenye rimu. Nati ikisogea hata kidogo, mstari unakatika, na mtu anaona kwa macho tu. Sheria yake ilikuwa moja: aliyekaza ndiye anayechora, mwingine asiguse brashi.

Kisha mistari ikaanza kukatika.

Mzee alisema kuna mtu anafungua nati zake. Kwanza aliwashuku watoto wa jirani, halafu akamshuku shemeji yake, ambaye utani ulimkauka mdomoni na Jumapili mbili hakuonekana. Geti likatiwa kufuli. Mistari ikakatika tena. Mzee akachora kwa rangi ya njano, baadaye ya bluu, hadi magurudumu yakawa na madoadoa kama shati la mpaka rangi.

Mke hakujua ashike lipi. Nani angetaka wafie barabarani? Aliwapitisha moyoni watu wote aliowahi kugombana nao. Hawakuwa wengi, na hakuna hata mmoja aliyejua kushika spana.

Siku moja, saa nne asubuhi, alikuwa ndani ya basi akitundika pazia la mwisho. Dirishani alimwona mume wake akija na spana. Akainama kwenye gurudumu la mbele, akalegeza nati moja, ya pili, ya tatu. Hapo akasimama. Aliitazama spana kama kitu alichopewa na mpita njia amshikie kidogo, akailaza chini taratibu, akaenda kunywa chai.

Mke alishuka, akagusa nati. Ilizunguka kwa vidole.

Hakuelewa. Asubuhi hiyo hiyo mtu huyu alikuwa amesikiliza injini akiwa jikoni, akasema mkanda wa feni umelegea, na kweli ulikuwa umelegea. Basi huyu ni mzima au si mzima? Akinyamaza, siku moja gurudumu litawatoka mwendoni. Akisema, atakuwa amemnyang'anya mikono yake.

Nusu saa baadaye mzee alimwita.

"Mama, njoo uone. Wamefungua tena."

Vidole vyake bado vilikuwa na grisi.

"Baba, leo nimemwona," mke akasema.

Mzee alichukua kitambaa, akafuta kidole kimoja kimoja.

"Ni mtu tunayemjua?"

"Tunamjua."

"Ana nia mbaya?"

"Hana. Nadhani anaanza kitu, halafu anasahau alikuwa anafanya nini."

Mzee akainama, akazikaza zile nati tatu. Hakuchora. Alimnyooshea mke brashi.

"Basi chora wewe. Spana kaifungie, akirudi asiikute. Na shemeji aje aendeshe."

Mke alichora. Mistari yake ilipinda, na mzee hakumkosoa.

Waliondoka Jumamosi iliyofuata, kaka mtu kwenye usukani, mzee kwenye kiti cha mjukuu, amefunga mkanda. Njiani aliuliza kama yule mtu wa nati amekamatwa. Wakacheka wote watatu, na yeye akacheka zaidi yao. Siku ya pili aliuliza tena, kwa maneno yale yale, na hakuna aliyecheka. Mpaka leo mke hajui siku ile pale uani mume wake alielewa nini, na hajathubutu kumuuliza.

Basi limeegeshwa nyuma ya nyumba ya binti yao, matofali mbele na nyuma ya magurudumu. Mzee Kaza analala humo, kwenye kitanda cha nyuma, upande wa dirisha.