Siku Niliyougua kwa Ajili ya Meya

Siku ya uchaguzi, saa nne asubuhi, nililala kitandani mzima wa afya, nasubiri sanduku la kura linifuate kama mgonjwa mahututi.

Nina miaka sabini na nne. Alfajiri ile nilishakamua mbuzi na kupasua kuni.

Ila wiki moja kabla, meya wa kijiji chetu, Grigore, alikuja jikoni kwangu. Akala ugali wangu na jibini, akafuta mdomo.

"Bibi Paraschiva, weka saini hapa kwamba huwezi kutembea, sanduku la kura likufuate nyumbani."

"Mimi? Juzi si umeniona juu ya mti wa plamu?"

Akacheka. "Basi shuka, bibi. Viorica wako bado anapika pale chekechea, eti?"

Nikasaini. Kazi ya binti yangu ndiyo inayotulisha.

Basi sanduku likaja, limebebwa na watu wawili wa meya. Nyuma yao dada mmoja mgeni, Liisa. Hapa Moldova tunaomba kuingia Umoja wa Ulaya, kwa hiyo wametuletea waangalizi watazame kama tunafuata sheria.

Liisa akachuchumaa kando ya kitanda. Lugha yetu anaivunja vunja, lakini kwa upole.

"Pole, bibi. Unaumwa wapi?"

"Kiuno, mwanangu. Na magoti. Na... kote."

Mmoja wa wale wanaume akakohoa kuficha kicheko.

"Kuna mtu amekulazimisha?"

Jamani, alinitazama machoni. Ningeweza kumwambia pale pale.

"Nani anilazimishe mimi, na uzee huu?"

Nikagonga muhuri wa kura kwenye jina alilotaka meya. Wakaondoka.

Jioni nikampelekea supu jirani yangu Agafia. Huyo miguu yake haifanyi kazi mwaka wa tatu sasa. Nikamkuta amekaa kitako, kilemba cha kanisani kichwani, kitambulisho mkononi.

"Wa sanduku hawajafika kwangu," akasema. "Wametuma salamu kwamba muda hautoshi, wagonjwa wamekuwa wengi mwaka huu. Sijui kijiji kimeingiwa na nini! Wewe huumwi, shoga?"

Nikamwekea supu mezani.

"Siumwi."

"Bora wewe una miguu. Hebu kimbia ukawaulize."

Nikakimbia kweli. Nikafika shuleni wanapopigia kura, bado hawajafunga, nahema. Mlangoni amesimama nani? Liisa, na kikombe cha chai.

Hatua kumi tu. Lakini ningemfikiaje kwa miguu ile ile niliyosaini kwamba haitembei?

Nikajibanza nyuma ya uzio. Kisha nikarudi.

"Wanasemaje?" Agafia akauliza.

"Wamefunga."

"Haya. Ahsante kwa kuhangaika, mwenzangu." Akaanza kufungua kilemba chake taratibu.

Wajukuu zangu mnaosoma, siku zote nilidhani kura huibwa na wakubwa wenye magari. Ya Agafia niliiiba mimi, nimelala chali mchana kweupe. Na mpaka leo ananisifu kwa majirani kwamba nilikimbia kwa ajili yake.

Mkiombwa kauongo kadogo, ulizeni kwanza nani yuko nyuma yenu kwenye foleni.