Viti Vilipotoka Nje

Mama yangu alipika mafuta ya mawese huko Kizuka tangu kabla sijazaliwa, na moshi wa mapipa ya kupikia ulimwachia mapafu ambayo kwayo kupanda ngazi mbili za mlangoni ni safari. Juu ya hayo ana sukari. Kikohozi kilipoanza kupita nyumba kwa nyumba hapa Rumonge, Burundi, daktari wake hakunizungusha. Alisema mama akikipata, huenda asipone. Watu wasiingie ndani. Anayelazimika kuja akae nje, penye hewa.

Maneno mepesi hayo, kwa mtu asiyeishi mtaani kwetu. Kwetu kumzuia mtu asiingie kumwona mgonjwa ni kumtukana. Mgeni huingia, akashika mkono wa mgonjwa kwa mikono yake miwili, akakaa kitandani, akamwombea dua huku akimkoholea usoni. Sikuwa na nguvu za kugombana na kila mmoja. Asubuhi moja nikatoa viti vyote vya sebuleni, na makochi pia, nikavipanga uani panapopiga upepo wa ziwa. Wageni watakaa hapo, nikasema. Mama alikuwa amelala. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikajisifu kimoyomoyo, nikaenda sokoni kununua ndagala, dagaa wa ziwani.

Niliporudi, nilisikia kilio nikiwa bado barabarani, na kilikuwa kinatoka kwetu. Sijui nilifikaje getini. Najua tu kwamba ndagala zilimwagika na sikuinama kuziokota. Uani kulijaa watu. Wanawake walikuwa wamejifunga vitenge kiunoni wanalia, na wanaume wamekalia makochi yetu wameinamisha vichwa. Jirani mmoja akanikumbatia, akaniambia nijikaze. Niliamini mama amekufa huku mimi nachagua ndagala, na sikuuliza swali hata moja.

Ni jirani yuleyule aliyenifungua macho bila kujua. Alisema walijua tu, walipoona viti viko nje.

Viti! Kwetu hakuna anayetoa viti vyote vya sebuleni kwa siku moja ila mwenye msiba, ili wanawake wapate pa kutandika mikeka ndani. Mimi mwenyewe nilisaidia kuvitoa hivyo baba alipofariki. Na mlango umefungwa, na mama hajaonekana sokoni siku nyingi. Nilitaka kucheka, nilitaka kumpiga mtu. Nusu ya watu wale walikuwa wanakohoa, na wanawake wawili walikuwa wanausukuma mlango, waingie wakamwoshe marehemu.

Dirisha la chumbani likafunguka.

"Mimi niko muzima," mama akasema, kwa pumzi yake ile fupi. "Murakoze, asanteni kwa kunililia. Sasa murudi kwenu, musije mukaniua kweli."

Mwanamke mmoja alikaa chini hapohapo alipokuwa amesimama. Wengine walibaki vinywa wazi. Kisha wakaanza kuondoka, baadhi yao wamenuna, kana kwamba tumewaibia machozi. Getini jirani yangu akageuka, akasema kwa sauti kwamba angalau wao walikuja. Rafiki mkubwa wa mama, aliyepika naye mawese maisha yote, anakaa mwisho wa mtaa huuhuu, aliletewa habari mpaka mlangoni na hakutia mguu. Huyo, akauliza, ana moyo gani?

Mama aliyasikia. Watu walipokwisha kuondoka akaniomba nimpigie simu rafiki yake. Nikapiga, nikaongeza sauti, nikamshikia simu dirishani.

Mama akamwita. Upande wa pili kikaja kikohozi kirefu, kibaya. Kikafuatwa na kilio.

"Banasema umekufa," akasema alipopata pumzi. "Na mimi niko nakohoa. Kule kwenye kilio kuko wazee, kuko wenye sukari kama weye. Nikasema nitakulilia huku kwangu."

Nilishtuka kuliko nilivyoshtuka getini. Mtu kaambiwa mwenzake wa maisha amekufa, na bado kajifungia ndani na msiba wake, asije akawaambukiza wanaomlilia. Alijua watamsema. Mama alikuwa ameshika nondo za dirisha, machozi yanamtoka, wala hakuyafuta.

"Umekula?" mama akamwuliza.

Alikuwa hajala. Tena alikuwa hajaletewa hata maji, kwa kuwa mtaa mzima ulikuwa kwetu, unamlilia mtu aliye mzima.

Nilirudi getini kuangalia ndagala zangu. Zilikuwa zimekanyagwa zote. Mama akaniambia nipike maharage, nimpelekee rafiki yake, niyaweke mlangoni, nigonge, halafu nirudi nyuma.