Shamba la Kaka

Mpaka leo nikisikia harufu ya koti la sufi likipigwa pasi ya mkaa, hutoka nje. Ndivyo nyumba yetu ilivyonukia kila baba alipojiandaa kwenda barazani kwenye kesi.

Pale Kihesa miaka ya hamsini watu walimwita Wakili, ingawa shule ya sheria hakuiona hata mlango. Alikuwa karani wa baraza, akajifunza kwa macho na masikio, mwisho mahakimu wenyewe wakawa wanamwogopa. Kila aliyeshinda kesi kwa msaada wake alimlipa kipande cha ardhi. Nilipoota meno ya pili, bonde lote lilikuwa letu, isipokuwa kinyungu kimoja katikati, bustani ya bondeni isiyokauka hata kiangazi. Kilikuwa cha shangazi yangu. Bibi alimkatia binti yake huyo alipofiwa na mume machimboni Makongolosi, na ndicho kilichowalisha watoto wake maharage na mahindi mabichi wakati wengine tunatazama mawingu. Baba akakitaka. Akamshtaki dada yake, jamani, wa tumbo moja!

Siku ya kesi nilifuatana na shangazi, nimembebea mtoto wake wa mwisho mgongoni. Alikuja na wazee wawili wa kumshuhudia. Baba hata hakuwatazama. Alikohoa, akauliza kwa upole kabisa, ule wa nyumbani:

"Dada, lile shamba la bondeni ni la nani?"

Shangazi akapiga goti. Kwetu mwanamke aliyelelewa hasemi "langu" mbele ya kaka yake. Hata kuku wake mwenyewe, ukimuuliza, atakwambia ni wa kaka.

"Ni lako, kaka. Mimi najishikiza tu."

"Mmesikia wenyewe," baba akaliambia baraza. "Amekiri."

Shangazi aliinuka akitabasamu, akidhani heshima ile imemlainisha kaka yake. Ilibidi mzee mmoja amweleze kwa Kihehe kwamba ameshindwa.

Jioni baba alikula ugali kwa raha. "Ulimi uliponza kichwa," akasema, akacheka hadi akapaliwa. Mama hakucheka. Kiangazi kilichofuata shangazi alilima pale pale kama kibarua, na baba alipopita kukagua, dada yake alipiga goti matopeni kumsalimu, "Kamwene, kaka."

Kwa miaka mingi niliamini kwamba shangazi aliteleza ulimi, na baba akadaka bahati yake. Kumbe! Nilikuja kuelewa nikiwa mtu mzima, siku moja namfunda binti yangu: ukiulizwa, mwanangu, sema ni la kaka. Maneno hayo nilifundishwa na baba mwenyewe. Na yeye aliyasikia kwa bibi, jikoni, amekaa bega kwa bega na dada yake. Alijua jibu kabla hajafungua mdomo. Hakuhitaji shahidi, alihitaji tu dada mwenye adabu.

Binti yangu akaniangalia, anangoja nimalizie.

"Hebu futa hilo," nikamwambia. "Wakikuuliza, sema ni langu. Sema kwa sauti."