Boga Lilikuwa Langu

Boga lilikuwa wazo langu. Naanza hapo kwa sababu mwaka mzima nimewaacha watu waamini lilikuwa la rafiki yangu, na yeye hakai tena hapa wa kujitetea.

Shule ya binti yangu iko mtaa wa Observatory, juu kilimani, shule yenye miti mingi na barua nyingi zaidi. Barua ya Oktoba ya mwaka jana ilisema kila mtoto alete boga lililochongwa uso kwa ajili ya Halowini, siku ambayo watoto wa huku huvaa sura za kutisha na kuomba peremende. Mwaka uliotangulia alikwenda mikono mitupu, akakaa amemshikia mwenzake boga. Alikuwa na miaka sita. Sikutaka aone hivyo tena.

Tuliishi Yeoville, familia tatu ndani ya fleti moja. Mama Mkubwa, ambaye jina lake ndilo lililo kwenye mkataba, alikuwa na chumba cha kulala. Mimi na binti yangu tulikuwa na roshani iliyozibwa kwa mbao. Rafiki yangu alilala sebuleni nyuma ya pazia, na kila Jumatano alilikunja ili akina mama wa maombi wapate pa kukaa. Mimi ni wa Kigoma, yeye wa Uvira; ziwa moja, na ugomvi wetu mkubwa ulikuwa nani anajua kukaanga dagaa. Alikuwa msusi. Nilipokuwa zamu ya ulinzi, yeye ndiye aliyemchukua mtoto shuleni, akamlisha, akamsuka. Mtoto wake mwenyewe hakujaliwa kupata, na watu hawakuacha kumkumbusha.

Boga tulikwenda kulinunua pamoja, na hapo ndipo tulipokosea, maana tulichagua kama watu wa jikoni. Yalikuwepo ya rangi ya chungwa, mepesi, ngozi laini, ndiyo hasa ya kuchonga. Yeye akaligonga moja kwa kidole, akasikiliza, akaguna.

"Hii ni maji tupu. Utapika hii, utakunywa."

"Hatupiki. Tunachonga."

"Boga hatupiki? Weye uko na homa?"

Akachukua lile la kijivu, zito, kikonyo kikavu, ngozi ambayo ukucha hauingii. Boga la unga. Sikubisha. Mkono wangu nao ulikuwa umeshaliendea.

Nyumbani kisu kiligoma. Tulikiegemea kwa zamu, tukakipiga kwa mchi, mpini ukang'oka. Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini. "Eish, anti, limewashinda," alisema kwa Kiingereza chake. Kiswahili anakisikia, ila hajibu nacho.

Rafiki yangu akajifunga kanga kiunoni. "Nimesuka vichwa vigumu kupita hiki. Nimesuka cha mama yako."

Akaleta kile kitana chake chenye mkia wa chuma, akachora uso kwa ncha yake kama anavyogawa nywele njia: macho, pua, mdomo; kisha akaufuata mchoro kwa kisu kile kile, kimezungushiwa kitambaa mahali pa mpini. Kwenye meno akaacha pengo moja, kwa sababu binti yangu alikuwa ameng'oka jino wiki ile. Nyama ya ndani hakukubali itupwe hata kijiko. Mbegu akazianika dirishani juu ya gazeti, nyama akaipika na karanga za kutwanga.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Jioni akina mama wa maombi wakaja, wakaomba, na chungu kikawa kipo. Mama Mkubwa alikula sahani tatu.

"Nani amepika?"

"Ni miye, Mama."

"Mungu aibariki hiyo mikono."

Binti yangu alikuwa roshani, amechoka kungoja. Aliposikia boga linasifiwa, akaona zamu yake imefika. Akazima taa, akaingia na kile kichwa, mshumaa unawaka ndani.

"Mmekula ubongo wake," akasema. Na hilo, katika maneno yote, ndilo alilolisema kwa Kiswahili.

Ulikuwa utani wa mtoto. Mama mmoja alikimbilia sinki. Mama Mkubwa akaweka sahani chini polepole, akasema taa iwashwe.

"Nani ameingiza hiki kichwa nyumbani mwangu?"

Rafiki yangu aliniangalia. Binti yangu naye aliniangalia. Nilikuwa nimeshika birika la chai. Niliona roshani yetu, kitanda kimoja, sare ya shule imening'inia, nikajiuliza tukitolewa hapa tunakwenda wapi.

Nikasema, "Yeye ndiye aliyelichonga."

Ni kweli, alilichonga. Ndiyo maana uongo ule ulikaa vizuri.

"Nilijua," Mama Mkubwa akasema. "Mwanamke hana mtoto, anacheza na vichwa."

Akampa mpaka Jumapili awe ametoka. Rafiki yangu aliinuka. Alikwenda akamtoa mtoto lile boga mikononi, asije akaungua, akapuliza mshumaa.

Jumamosi nilimbebea begi kwenda kupanda teksi. Alikuwa na mtu wa kwao Durban. Tuliposimama kwenye roboti, kama wanavyoita huku taa za barabarani, tukingoja kuvuka, ndipo aliposema.

"Ungeniomba tu. Ningesema ni miye, mbele yao wote. Mutoto hawezi kulala inje. Lakini hukuniomba."

Taa ikawa ya kijani, tukavuka.

Boga lilitupwa. Binti yangu akaenda shule mikono mitupu mwaka wa pili, na safari hiyo hata rafiki yangu hakuwepo wa kumpokea getini.

Nina hasira. Kesho yake Mama Mkubwa aliumwa tumbo, akasema ni mashetani. Zilikuwa sahani tatu. Msimu wa baridi mwaka huu, bila aibu yoyote, aliniuliza, "Yule dada wa Uvira, lile boga alitia nini?" Nilipaswa kumwambia palepale. Nilimwambia, karanga. Mtu anaweza kuwa na hasira ya kuvunja vyombo na bado akajibu, karanga.

Rafiki yangu nimempigia mara nyingi. Mara moja alipokea.

"Mutoto hajambo?"

"Hajambo."

"Basi." Akakata.

Barua ya Oktoba hii sikupewa. Niliikuta chini ya begi la shule, imekunjwa ndogo kama karatasi ya dawa ya unga.

"Mbona hukunipa?"

"Nimemwambia mwalimu sisi hatufanyi."

"Tutafanya. Nitanunua la chungwa, lile laini."

Alikuwa anavua soksi. Hakuinua uso. Aliuliza bila ubaya wowote, kama anayeuliza nani atamchukua shuleni kesho.

"Mama Mkubwa akiuliza, safari hii utasema ni nani?"

Nililinunua. La chungwa, jepesi, maji matupu. Nimelichonga mwenyewe kwa kisu kidogo, na njia zangu zimepinda, jicho moja liko juu ya jingine. Liko chini ya kitanda chetu, limefunikwa kanga. Leo ni Jumanne. Kesho akina mama wa maombi wanakuja.