Kichuma cha Nevzer

Siku ya kwanza walipokutana, Feridun, muuza ala za muziki mtaani Galata, alimsogezea fundi Muhlis kanuni mbovu, ala ya nyuzi nyingi inayolazwa magotini. Muhlis hakuigusa.

"Kwanza chai, kisha bei, kisha kazi. Tukianza na kazi, wewe utasahau bei."

Feridun akacheka. Alikuwa amepata mtu wa saizi yake. Tangu hapo kila kanuni aliyouza ilipita kwanza mikononi mwa Muhlis, fundi wa vichuma: vile vidogo vilivyopangwa chini ya nyuzi, ukiinua kimoja sauti inapanda kidogo, ukikilaza inashuka. Kila nusu hatua ya sauti Muhlis aliigawa mafungu sita yaliyo sawa, kwa mashine ya kupimia sauti. Kanuni ya namna hiyo hununuliwa hata na mtu asiyemjua fundi.

Kipupwe kimoja Muhlis aliingia amekumbatia kanuni ya marehemu mkewe, Nevzer. Binti yao Gülfem alikuwa amepata nafasi chuo cha muziki, na walimu walitaka kanuni isiyo na mambo yake.

"Tubadilishane, kaka. Nipe mpya."

Feridun akaipekua. Katikati ya vichuma vilivyojipanga kama askari, kimoja cha ziada kilikuwa kimejibana.

"Hiki kimelewa, fundi?"

"Hapo ndipo alipoimba Nevzer. Nota zinasema shuka kidogo. Yeye alishuka zaidi, lakini hakufika kichuma cha pili. Nilikitafutia mahali huku anakaanga biringani, anaimba na kunielekeza: 'Shusha, bwana, shusha... umezidi, punda wewe!'"

"Alirekodiwa?"

"Alikataa. Alisema sauti yake ni ya jikoni."

Feridun alivuta chai yake. Hakuna mteja anayenunua mke wa mtu.

"Kikibaki, siichukui. King'oe. Lakini pima kwanza kilipo, uandike, mashine hiyo hapo mezani."

Muhlis akamkazia macho. "Miaka yote nimelala na sauti hiyo sikioni, leo niiulize mashine?"

Akaking'oa mwenyewe. Tundu akalijaza gundi na unga wa mbao, akalisugua mpaka Feridun, mwenye jicho la kutafuta ila, asilione. Akaondoka na kanuni mpya begani. Ile ya Nevzer ilinunuliwa na mgeni aliyesafiri nayo.

Maua yalipochanua, Muhlis alirudi na binti yake na kanuni mpya.

"Baba alitaka kunifundisha wimbo wa mama," Gülfem alisema kwa sauti ya chini. "Amekwama."

Muhlis aliinua kichuma, akapiga uzi. Juu mno. Akakilaza, akainua kinachofuata. Chini mno. Akafumba macho aimbe mwenyewe. Sauti ikatoka, ikateleza, ikatua palepale kwenye kichuma. Akajaribu tena. Ikatua palepale.

"Iko wapi ile kanuni, kaka? Niiguse tu."

"Imeshavuka bahari, fundi. Na tundu ulilifukia mwenyewe."

"Baba, twende. Hii inatosha."

"Haitoshi, mwanangu. Huyu si mama yako."

Feridun aliagiza chai tatu. Ya Muhlis ilipoa mezani.

Gülfem alimaliza chuo, na anapiga vizuri. Kanuni ya Nevzer ilimpa Feridun bei aliyoitaka. Muhlis hakupanga kichuma tena, na fundi aliyemrithi, kijana mwenye adabu, huanza na kazi. Siku ya malipo Feridun humpunja kidogo, naye hashtuki.