Mbio Kumi na Sita

Kila alfajiri, kabla hajawasha taa zote za jimu, Ferrell Guidry alizunguka kwenye vyuma akigeuza sahani za uzito moja moja ili namba zake zitazame nje. Zilikuwa zaidi ya mia nne. Hakuna aliyemwagiza. Mtangulizi wake alikuwa akiziacha zikae ovyo, na mwaka huo timu ilishinda mechi mbili kati ya kumi na moja. Ferrell hakuamini kwamba mambo hayo mawili yalihusiana, ila hakuwa na ujasiri wa kuamini kwamba hayakuhusiana.

Alikuwa na wiki mbili tu tangu aajiriwe kuwa kocha wa viungo wa timu ya mpira wa Kimarekani katika Chuo cha Bellamy, kusini mwa Mississippi. Kilikuwa chuo chake cha sita katika miaka kumi na moja. Katika kazi hiyo mtu hafukuzwi peke yake. Kocha mkuu akiondolewa, wote aliowaleta wanafungasha wiki hiyohiyo, hata yule ambaye vijana wake ndio wenye nguvu kuliko wa jimbo zima. Ferrell alikuwa ameshahama mara tano kwa sababu ya mipira iliyodondoshwa na watu wengine.

Safari hii mkewe, Delphine, alipomaliza kutoa vyombo, aliyakunja maboksi yote akayapeleka jalalani.

"Yangetufaa siku nyingine," Ferrell alisema.

"Hakuna siku nyingine. Noelle ana miaka tisa na ameshasoma shule nne. Ukihama tena, utatuandikia barua."

"Sihami."

"Sijakuuliza. Nakuarifu."

Vijana walipokaribia kurudi kutoka likizo ya Krismasi, kocha mkuu, Wade Stribling, alimwita ofisini. Stribling alikuwa mtu mnene mwenye tabasamu, aliyemwita kila mtu ndugu yangu, na ambaye yeye mwenyewe alichezea Bellamy enzi za ujana wake. Alishika karatasi ya mazoezi ya Ferrell kwa vidole viwili.

"Mbio sita siku ya kwanza? Hii ni ya chekechea, ndugu yangu."

"Wamekaa nyumbani wiki tatu, Kocha. Wanakula keki za mama zao na kulala mpaka mchana. Nitaongeza mbili kila wiki."

"Hapa siku ya kwanza ni kumi na sita. Yadi mia na kumi, kwa muda uliopangwa. Mmoja akichelewa, hiyo haihesabiwi, wanarudia wote. Ndivyo tunavyojua nani wa kwetu."

"Kuna watatu wana kinasaba cha selimundu. Si wagonjwa, lakini ukiwakimbiza bila kuwapumzisha, damu inawageuka. Tabibu amenipa majina yao."

"Kwani nani amesema wafe? Wewe ndiye mtaalamu. Waangalie." Stribling alicheka, akamrudishia karatasi. "Watu arobaini waliitaka kazi hii, nikakuchagua wewe. Kaiandike kwenye kompyuta. Programu ya mazoezi ni yako."

Ferrell akaenda akaiandika. Chini yake palikuwa na jina moja tu, lake.

Jioni ile Corinne Battle, tabibu wa timu, alisimama mlangoni kwake bila kubisha hodi.

"Guidry, nani kaandika kumi na sita?"

"Mimi."

"Najua ni vidole vyako. Nauliza nani kaandika."

"Corinne, mimi ni mgeni hapa."

"Mimi nina miaka kumi na tisa hapa, na bado nauliza."

Ferrell aliahidi kwamba akiona dalili yoyote atasimamisha. Corinne aligeuka kuondoka. "Haya," alisema. "Wewe ndiye utakuwa na kipenga. Mimi nina chupa za maji."

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi umande ulikuwa umeganda juu ya nyasi. Vijana tisini walisimama kwenye mstari wakitoa mvuke kama ng'ombe. Stribling alikuwa juu, kwenye roshani ya ofisi yake, na kikombe cha kahawa mkononi.

Mbio nne za kwanza zilipita kwa utani. Tavion Leggett, kijana wa mwaka wa kwanza mwenye pauni mia tatu, ndiye aliyekuwa akifika mwisho kila mara.

"Leggett! Bibi yangu na mkongojo wake angekupita!"

"Bibi yako habebi mwili huu, bwana. Mpe nusu uone."

Walicheka. Hata Ferrell alicheka, japokuwa jina la Tavion lilikuwa la pili kwenye orodha ya Corinne.

Katika ya nane Tavion aliinama, mikono magotini, asiyainue macho.

"Vipi, Leggett?"

"Niko sawa, Kocha."

Hapo Bellamy wote wanasema hivyo. Mwenye mfupa uliovunjika husema hivyo. Katika ya tisa alichelewa kwa sekunde mbili, kwa hiyo haikuhesabiwa, na tisini wote wakaguna.

"Usituue, ndugu," alisema nahodha, Rashad Coker, lakini kwa upole, akimpiga mgongoni.

Ferrell aliitazama roshani. Stribling aliinua kidole kimoja akakizungusha hewani: endelea. Corinne alikuwa ng'ambo ya uwanja, amepiga magoti kando ya mchezaji aliyekuwa akitapika. Ferrell akapuliza.

Waliporudia ya tisa, katikati ya uwanja, miguu ya Tavion ilikunjika. Hakupiga kelele kama mtu aliyebanwa na misuli. Alilegea tu, kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Kabla hajagusa chini, Coker na kijana mwingine walimdaka chini ya makwapa wakaendelea naye, ncha za viatu vyake zikichora mistari miwili kwenye umande ulioganda. Walivuka ndani ya muda. Timu nzima ilipiga kelele za furaha, wakawapigapiga wale wawili vichwani. Pale Bellamy hakuna jambo jema zaidi unaloweza kumtendea mwenzako. Humwachi chini, unavuka naye.

Ferrell aliyaona yote. Aliona tangu goti la kwanza lilipokunjika. Kipenga kilikuwa katikati ya meno yake, na kuvuka kwao kulichukua kama sekunde tisa. Ndani ya sekunde hizo aliona roshani, akaona maboksi yamekunjwa jalalani, akamwona Noelle akivaa viatu vya shule. Alijiambia kwamba kijana amevuka, kwamba atapumua sasa, kwamba zimebaki saba tu.

Akapuliza. Coker na mwenzake wakaondoka tena, Tavion katikati yao. Safari hii kichwa chake hakikuinuka kabisa, na Corinne alikuwa anakuja mbio akiita jina la Ferrell kwa mayowe.

Alhamisi figo za Tavion zilikuwa zimesimama, na mashine ndiyo iliyokuwa ikimfanyia kazi hiyo. Madaktari walisema watajua hatima yake Jumapili. Wakili wa chuo alimwambia Ferrell kwamba anaweza kuonyesha masikitiko, lakini asieleze lolote. Nyumbani Delphine hakumuuliza kitu. Alisema tu kwamba Noelle amepata rafiki, jirani wa nyumba ya tatu, na kwamba siku hizi anaimba akiwa bafuni.

Mchana, ndani ya gari, wakienda hospitali kumwona mama yake Tavion, Stribling aliongea taratibu.

"Kijana alisema yuko sawa. Hakuna aliyeona dalili. Ndivyo ilivyokuwa, siyo?"

Ferrell aliigeuza kofia yake magotini.

"Programu ina jina lako, ndugu yangu. Sisemi hivyo kukutisha. Nasema tukishikana, sote tunabaki."

Verlene Leggett alikuwa amekaa kwenye korido, bado amevaa viatu vyake vyeupe vya mpira vya kiwanda cha kuku. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini siku ile ya Jumanne na hakuwa ameondoka. Stribling alichuchumaa mbele yake, akamshika mikono, akasema mengi: kwamba Tavion ni mpiganaji, kwamba timu nzima inamwombea, kwamba Bellamy ni familia. Verlene alimwacha amalize. Kisha akamtazama yule mwingine, aliyesimama nyuma ameshika kofia.

"Wewe ndiye kocha wa viungo?"

"Ndiyo, mama. Ferrell Guidry."

"Yule kijana Coker alikuja jana. Alikaa hapo ulipo, akalia kama mtoto. Anasema walimbeba mwanangu kwa kuwa walidhani wanamsaidia. Anasema akifa, wao ndio wamemuua." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nimemwambia si kosa lake, aende akalale. Sijui kama nimemwambia kweli au la. Nina swali moja tu, bwana Guidry, na nakuuliza wewe kwa sababu ndiwe uliyekuwa na kipenga. Walipokuwa wamembeba, ulikuwa unawaona?"

Stribling alisimama. "Mama Leggett, mawakili wametushauri..."

"Sijakuuliza wewe."

Mkono wa Stribling ulimshika Ferrell kiwiko, si kwa nguvu, kama mtu anavyomshika rafiki wakati wa kuvuka barabara.

"Niliwaona, mama," alisema Ferrell. "Nikapuliza waendelee."